Kozi ya boti siku mbili pale Cowes: nyota 4, na pantoni ya minyororo ndo ilikua mwalimu

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke na jibu lake: 4 kati ya 5. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya kikamba chekundu kilichojiviringisha kama waya wa simu za mezani za zamani, nitafika huko msiwe na papara.

Kozi inaitwa RYA Powerboat Level 2 (RYA ni chama cha mambo ya boti cha Uingereza), ya siku mbili, shule nyingi tu Uingereza zinaitoa, hii yangu ipo kando ya mto Medina pale Cowes, kisiwa cha Isle of Wight. Jina la shule sitaji manake instrakta ni mtu mwema na sitaki mtu akose ugali kwa kosa aliloliomba radhi palepale. Nililipa paundi 300 na ushee, chakula juu yako. Boti moja wanafunzi watatu basi, ndo utaratibu wao na ni mzuri sana, unashika usukani mpaka bega linauma, sio zile kozi za kukaa nyuma unaangalia wenzio. Tulikua mimi, jamaa yangu wa Mombasa tunaefanya nae kazi Southampton, na mzee mmoja wa Kiingereza mstaafu ambae alikua ameshanunua boti lake kabla hajajua hata kuliwasha. Nilimpenda yule mzee. Mtoto wa miaka 12 pia anaruhusiwa kuisoma, kwahiyo mwenye kijana mtundu nyumbani asije akasema hakuambiwa.

Siku ya kwanza sina maneno mengi. Suti ya kuzuia maji walinipa ya mtu wa futi sita na nusu, mimi mnanijua urefu wangu, miguu ilikua inanifuata nyuma kama mkia, na ile raba ya shingoni inakaba utadhani unadaiwa. Laifu jaketi nzuri, mpya, zinajijaza zenyewe ukidumbukia. Tukajifunza kuwasha mashine, kufunga kamba, kuegesha ukiangalia upepo na mkondo uko wapi, kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka (jaribu uone ilivyo kazi), kushika boya, kumrudia mtu alieanguka majini. Somo la maji kupwa na maji kujaa ndo nilitamba kidogo, instrakta anaeleza kwa michoro kuna siku maji yanajaa sana na kupwa sana na kuna siku hayaendi mbali, mimi nikamwambia bwana hiyo kwetu ni bamvua na maji mafu hata muuza pweza anajua. Alicheka. Ila kuna kimoja kilikua kigeni kwangu, maji ya Solent, ule mlango wa bahari kati ya kisiwa na bara, upande wa Southampton hujaa mara mbili, yanajaa, yanalegea kidogo, yanajaa tena, alafu yakianza kutoka sasa yanatoka kwa fujo kwa mda mfupi. Shika hilo, linarudi.

Tulichokosa siku ya kwanza, na hii ndo lawama yangu kubwa kuliko hata ya kamba, ni kwamba hatukuambiwa neno lolote kuhusu pantoni, yaani kitu kikubwa kuliko vyote mtoni hapo, kinakatiza mbele ya macho yetu siku nzima, tunakiona kinaenda kinarudi, tulikua tunafanyia mazoezi upande wa chini wa mto kwahiyo mwalimu aliona hilo ni somo la kesho. Mi naona lilitakiwa liwe la kwanza kabla hata ya kuvaa suti.

Niwaeleze kwanza tatizo langu binafsi. Mimi nimekulia Kigamboni, Dar es Salaam. Anaejua pale Magogoni anajua, MV Magogoni au MV Kazi inang'oa, huku mitumbwi na boti za wavuvi zinarudi soko la Feri na samaki wao, na kila mwenye mtumbwi ana hesabu yake kichwani, napita mbele, sipiti mbele, na mara nyingi anapita mbele, pantoni inapiga honi, inakata kona kidogo, mtu anatukanwa, maisha yanaendelea. Nimeiona ile hesabu tangu nina miaka mitano nimekaa begani kwa baba. Ipo kwenye damu. Na inafanya kazi kwa sababu moja tu ambayo sikuwahi kuifikiria mpaka nilipofika Cowes: pantoni ya Kigamboni ina usukani.

Hii ya Cowes haina usukani, haina pa kukatia kona. Wenyeji wanaiita Floating Bridge, daraja linaloelea, na ukiielewa ilivyo unaona jina linafaa kuliko kuiita chombo. Minyororo imefungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile, imelala chini ya mto kwa uzito wake. Chombo bapa kinaiokota ile minyororo, kinaipitisha kwenye magurudumu yake, magurudumu yakizunguka chombo kinajivuta kama mtu anaevuka mto kwa kushika kamba. Mashine yake haisukumi maji, inavuta chuma. Kwenda mbele anaweza, kurudi anaweza, kusimama anaweza, lakini kukukwepa wewe hawezi hata kama anakupenda. Jamaa yangu wa Mombasa alipoiona akasema huyu ni ndugu yake feri ya zamani ya Mtwapa, kabla ya daraja, wazee wao wanasimulia ilikua inavutwa na wanaume kwa mnyororo kwa mikono huku wanaimba. Hapa hakuna wimbo ila kuna mlio, ukiwa karibu unausikia, kre kre kre kre, kama mtu anatafuna changarawe pole pole.

Cowes wana kitu hiki tangu 1859. Hiki cha sasa ni namba 6, kilianza kazi Mei 2017, na kilianza vibaya, magari yalikua yanakwaruza tumbo wakati wa kupanda, huduma ikisimama mara kwa mara, na bamvua ikikaza kukawa na kiboti cha pembeni cha kukisukuma kisibebwe na maji. Wenyeji ukitaka wakupe chai wewe taja tu namba 6, utaondoka jioni. Utauliza kwanini wasijenge daraja la kawaida yaishe, jibu ni kwamba milingoti inapita hapo kwenda juu mpaka Newport, na ukikataa kupanda Floating Bridge na gari yako unazunguka barabara kwa Newport karibia maili 10 kwenda mahali unapopaona kwa macho. Mi mwenyewe naishi Woolston, Southampton, na kumbe kwetu hapo hapo kulikua na ya namna hii tangu 1836, ikaondolewa 1977 lilipofunguliwa daraja la Itchen. Miaka 6 napita juu ya lile daraja nalalamikia tozo sijui hata chini kulikua na historia.

Haya, siku ya pili. Asubuhi tukapanda mto mpaka karibu na Folly, ile baa ya kando ya maji, maji yalikua bado yanajaa kwahiyo kwenda tulienda vizuri, tukapita pantoni ikiwa imetulia upande wa East Cowes inapakia, instrakta ndo alikua na usukani akapita mbali akasema tutalizungumza tukirudi. Tukanywa chai, chai mbaya ya kwenye chupa yake, tukafanya mazoezi ya kuegesha. Kurudi saa nane mchana maji yameshageuka. Yanatoka. Na usukani ni wangu.

Sasa hapa naomba mtulie mnisome vizuri. Unapopanda mto na maji yanakuja usoni mwako, pantoni haina shida na wewe, ukipunguza moto boti linasimama au linarudi nyuma, mashine ikizima unabebwa kwenda mbali nayo, maji yenyewe yanakuokoa. Ukishuka mto na maji yapo mgongoni ni kinyume chake kabisa. Kila kosa linakupeleka kwake. Ukipunguza moto unakwenda, ukiweka nyutro unakwenda, ukizima unakwenda, ukikaa unajiuliza unakwenda. Hii sio kitu cha kuambiwa, unaijua siku unayoweka nyutro ukaona nguzo za kando bado zinakupita.

Mimi niliweka nyutro. Tulikua kama mita 150 juu yake hivi, pantoni ilikua upande wa Cowes, nikaona ile taa yake nyeupe inaanza kumweka kwenye ncha ya kuelekea East Cowes, na taa hiyo maana yake ndo anatoka, anaelekea huko taa iliko. Kitu cha kwanza kichwani, naapa, ni hesabu ya Feri: ongeza moto, pita mbele. Mkono ulishaenda. Instrakta akasema hapana bila hata kupaza sauti, kwahiyo nikarudisha nyutro na nikaridhika kabisa na nafsi yangu, nimesimama, nasubiri mkubwa apite, mstaarabu mimi. Yeye akageuka kumuonesha mzee ile kreni kubwa ya zamani pale Cowes, ya mwaka 1912, kreni nzuri kwa kweli, mzee alikua anaipenda, wakaanza kuongea mambo ya tani 80.

Jamaa wa Mombasa ndo aliona. "We bwana, maji yatubeba hayo!"

Nikatazama. Pantoni ilikua kubwa zaidi ya nilivyoiacha. Nikanyanyuka nione minyororo iko wapi, na kunyanyuka kule nikavuta mguu, na kwenye mguu ndo ipo ile kamba nyekundu, kamba ya kuzimia mashine, unaifunga kwenye paja ukidondoka majini inachomoka mashine inazima ili boti lisije kukuzungukia na kukukata. Ikachomoka. Mashine kimya. Ule ukimya sitausahau, unasikia maji yanapiga mpira wa boti na ule mlio, kre kre kre.

Hapa ndo nyota yangu ilipokatika. Kamba ilichomoka na kile kiklipu chake kikaruka sijui wapi chini ya viti, na kila boti linatakiwa liwe na kamba ya akiba na kila mtu aliepo ajue iko wapi, sisi hatukuoneshwa. Instrakta alijua, ilikua kwenye mfuko wake wa suti, ndani, chini ya laifu jaketi. Hebu jaribu kufungua laifu jaketi ukiwa na haraka. Mzee mstaafu bila kuambiwa akachukua kafi akaanza kupiga upande mmoja kugeuza pua, mzee wa miaka 70 huyo, kumbe utotoni alikua anaendesha mitumbwi. Jamaa akashika nanga, instrakta akamzuia kwa mkono, akasema sio hapa.

Nilimuuliza baadae kwanini sio hapo. Nanga ni rafiki yako ukiwa mbali, mashine ikizima mita 200 juu ya pantoni na maji yanakupeleka, shusha nanga mara moja usisubiri kujaribu kuwasha mara kumi. Ukishakaribia imepitwa na wakati, nanga itatambaa chini itakwenda kukamata mnyororo, na hapo umejifunga mwenyewe kwenye kitu kinachotembea.

Tulikua labda mita 40, kwa macho ya mtu mwenye hofu labda zilikua 60, kamba ya akiba ikapatikana, mashine ikawaka mara ya kwanza (Mungu awabariki Wajapani), instrakta akageuza pua ikaangalia juu ya mto, akaweka moto kidogo tu, na boti likasimama. Likasimama kweli sasa, yaani ukitazama ukutani nguzo haiendi popote. Pantoni nayo ilikua imeshasimama katikati, mwendeshaji alituona. Abiria wanatuangalia wamejipanga kwenye uzio, mtoto mmoja akatupungia. Jamaa yangu akampungia pia. Alafu pantoni ikaendelea na safari, na ilivyotupita niliona kwa mara ya kwanza mnyororo wenyewe, unatoka majini kwa mteremko mbele ya ile milango ya kupandia magari, mweusi, unachuruzika maji, umeshika mwani, vipingili vinene vinaingia kimoja kimoja ndani. Sio kamba ya kufungia mbuzi ile.

Instrakta akasema samahani kwanza, akasema kosa ni lake, ndo maana nampa nyota 4 na sio 2. Alafu akatupeleka pembeni, akaegesha, akatufundisha lile somo kwa saa nzima, na ile saa moja ndo thamani ya hela yangu yote. Nawapa kwa ufupi, ila msije mkaitumia kama leseni.

Mnyororo hauko kimo kimoja. Katikati ya mto pantoni ikiwa mbali umelala chini kabisa unapita juu yake hujui. Karibu na pantoni unapanda mpaka usoni, ncha zote mbili. Na karibu na kingo, pale kwenye mteremko wa zege, uko juu pia kwa sababu nchi yenyewe inapanda, maji yakipwa ndo unaweza kuuona hata kwa macho. Kwahiyo ukisikia pita mbali usidhani mbali ni kujibana kwenye ukingo wa pili, hapana, pale nako pana chuma. Pantoni ikiwa imeegesha upande mmoja, njia yako ni katikati ya maji yaliyobaki.

Ikiwa inatembea, pita nyuma yake, usipite mbele. Sababu ya kwanza kila mtu anaijua, mbele ndo inakoenda. Ya pili mimi sikuijua: mnyororo wa mbele ndo unaovutwa, kwahiyo umekaza na umeinuka zaidi, wa nyuma umelegea unarudi kulala. Lakini hata huko nyuma mpe nafasi ya kutosha, unalegea pole pole, sio kama umeangushwa. Boti lenye mashine ya nje miguu yake imening'inia chini, propela ikikutana na kipingili hamuelewani.

Na kubwa kuliko yote kwa anaeshuka na maji: amua mapema ukiwa bado mbali. Huna uhakika, geuza boti zima uangalie ulikotoka, pua ielekee maji, weka moto mdogo wa kulingana na mkondo, kaa hapo kama kunguru juu ya waya mpaka iegeshe na taa itulie. Usisubiri ukiwa umeyapa maji mgongo. Kwenye mto wenye mkondo nyutro sio breki. Hofu sio kugongwa tu, hofu ni boti kulala ubavu kwenye ile pua bapa, maji yanapita chini yake na wewe yanakusukuma uende nayo huko chini.

Kuhusu nani ana haki ya kupita kwanza, mzee aliuliza sana hilo, Waingereza wanapenda haki zao. Instrakta akamwambia kila bandari ina maelekezo yake na unatakiwa uyasome kabla hujashusha boti, ya Cowes ni ya Cowes, ya Sandbanks pale mdomoni mwa Poole ni ya kwao, Torpoint kule Plymouth zipo pantoni tatu za minyororo kila moja inabeba magari 73 zinapishana na meli za kivita za Devonport, huko ukipeleka ubishi utajua mwenyewe. Windermere ni ziwa, maji yametulia, lakini nako ipo pantoni ya nyaya na watalii wa boti za kukodi wanakatiza mbele yake kila siku. Mimi kanuni yangu baada ya siku ile ni nyepesi, haki ya njia ni karatasi, mwenzangu hana usukani, nampisha hata kama karatasi inasema anipishe.

Na redio. Pale Cowes watu wa bandari wanasikiliza chaneli 69. Tulikua na redio ya mkononi kwenye boti mda wote na katika ile dakika hakuna hata mmoja wetu aliyeigusa, mikono yote iko kwenye kafi na kamba na nanga. Instrakta alikiri na hilo pia. Alitufanyia zoezi, mmoja mashine, mmoja nanga, mmoja redio, kila mtu ajue kazi yake kabla ya kukaribia. Hilo zoezi tungelifanya asubuhi nisingekua naandika haya.

Tukarudia kupita mara tatu, kila mmoja wetu, maji bado yanatoka. Mara yangu niligeuza pua mapema mno, pantoni hata haijaanza kupakia, wakanicheka. Sijali. Ukishapita usishangilie pia, chini kidogo tu upande wa East Cowes ndo zinaegesha zile meli kubwa za magari za Red Funnel kutoka Southampton, hizo zina usukani lakini nafasi ya kuutumia hawana, unatoka kwa minyororo unaingia kwa jitu. Mwendo wa bandarini mwisho noti 6, kama kilomita 11 kwa saa, na usidhani ni uonevu, hapo mawimbi ya boti lako yanakwenda kumwaga chai za watu kwenye yoti zilizofungwa.

Kwa wanaouliza kama inafaa: inafaa. Cheti nimepata, wote watatu, na kwa mwenye haki ya kuomba kile cheti cha kimataifa cha kuendeshea boti nchi nyingine za Ulaya hii ndo njia yake. Kama wewe ni wa pwani kama mimi usiende na kiburi cha nimezaliwa baharini, kiburi ndo kilinipeleka mkono kwenye moto. Chukua glavu zako, zao zimeloa tangu juzi. Chukua chakula na chai yako. Waulize kabla ya kulipa, somo la pantoni ni siku gani, na kamba ya akiba iko wapi, wakianza kutazamana tafuta shule nyingine.

Jioni kabla ya kupanda Red Jet, ile boti ya kasi ya abiria, kurudi Southampton tulikua na mda, jamaa akasema twende tukaipande yenyewe, tuone wao wanatuonaje. Tukalipa kama abiria wa miguu tukavuka kwenda East Cowes na kurudi. Ukiwa juu pale mto unaonekana mdogo kweli, na boti kama letu linaonekana kama kandambili iliyoelea. Tukiwa katikati akaja dada mmoja na kayaki anashuka na maji, peke yake, kofia ya njano. Alipoona taa inamweka akageuka, pua juu ya mto, akapiga kafi taratibu, kulia kushoto kulia kushoto, haendi mbele harudi nyuma, tukampita, tukaegesha, taa ikatulia, ndo akageuka akapita katikati ya maji bila hata kututazama. Jamaa yangu akaniambia "Umemwona? Na hana hata mashine ya kuzimika." Sikumjibu, nilikua naangalia mguuni kama kamba bado ipo.